Mrejesho: Bata mzinga na jina la Uturuki

Niliuliza kwa nini Waingereza humwita bata mzinga turkey, kwa jina la Uturuki, ilhali asili yake ni Amerika. Nawashukuru mlionielekeza kwa kanga. Nimefuatilia na kuridhika kwamba jina hilo lilikuwa kwanza la kanga, ndege wetu wa Afrika, aliyefika Uingereza kupitia biashara iliyohusishwa na himaya ya Waturuki, na kwamba katika karne ya 16, ndege wa Mexico alipoletwa Ulaya, wawili hao walichanganywa hata jina likamganda mgeni. Dhana yangu kuwa Waturuki ndio waliomfuga kwanza haikuwa sahihi. Ajabu ni kwamba Waturuki wenyewe humwita hindi, kwa kumhusisha na India, na Wareno humwita peru.