Vespa PX 150 imejam baada ya kufungwa silinda ya 177: ni jeti au kuna kingine?

KijanaWaKimara:
Habari zenu wakuu. Nina Vespa PX 150 E ya mwaka 1983, ya marehemu baba. Alikuwa anaenda nayo kazini Posta, na asubuhi ananipitisha shule nikiwa nimesimama mbele, katikati ya mikono yake. Sitaki ife mikononi mwangu, ndiyo maana naandika kirefu.

Shida ilikuwa mlima wa Kimara. Nikimpakia mke wangu, gia ya nne haibebi, ya tatu inalia tu, na daladala zinatupumulia mgongoni. Nikaagiza Unguja seti ya silinda ya chuma ya milimita 63: silinda yenyewe, pistoni, ringi mbili na hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Ya zamani ilikuwa 57.8. Mwendo wa pistoni umebaki ule ule wa 57, kwa hiyo cc 150 zikawa 177. Nilifunga mwenyewe uani, mshale wa pistoni ukielekea ekzosi, injini sikuipasua.

Wiki mbili za kwanza niliitembeza taratibu. Kimara ikawa inapanda na gia ya nne, tuko wawili! Mke wangu alinipiga begani akisema, "Hii siyo ile."

Jumapili nikaenda Kibaha peke yangu. Nimeshapita Kiluvya, gia ya nne, mkono wa mafuta nimeufungua wote kama dakika tatu hivi, mlio ukabadilika. Ulikuwa mkavu, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Kabla sijapunguza, pistoni ikajam ndani ya silinda, tairi la nyuma likagoma na kuburuta lami. Nilibana klachi, Mungu akasaidia nikatoka pembeni. Ilipopoa nikapiga kiki, ikawaka, nikarudi nayo mdogo mdogo.

Nimefungua. Pistoni imechubuka upande wa ekzosi tu, upana wa vidole viwili. Ringi zinacheza vizuri. Plagi ni B7HS, ncha yake nyeupe kama chaki. Kabureta ni ile ile Dell'Orto 20/20, jeti kubwa (kitundu kinachopima petroli) imeandikwa 100. Taimingi, yaani muda wa cheche, sijaigusa. Oili nachanganya mililita 100 kwa petroli lita 5. Fundi wa jirani anasema oili ni ndogo. Nifanyeje?

Temeke_Skuta:
Fundi yuko sahihi. Mimi naweka mililita 200 kwa lita 5, miaka sita haijawahi kujam. Ongeza oili mkuu, hizi injini ndicho chakula chake.

MzeeWaMagneto:
Temeke, mwanangu, hapo tutakosana. Tundu la jeti halipanuki. Ukizidisha oili, petroli inayopita pale inapungua, na injini iliyokuwa na njaa inazidi kuwa na njaa. Asilimia 2 ya oili nzuri inatosha.

Wewe wa Kimara, pole sana, na vizuri ulibana klachi. Michubuko yako inasema yenyewe. Ingekuwa pembe nne kuzunguka pistoni, ningesema uliondoka kwa kasi injini ikiwa baridi, maana pistoni ya aluminiamu hutanuka haraka kuliko silinda ya chuma. Upande wa ekzosi peke yake, pamoja na plagi nyeupe, ni joto: hewa nyingi, petroli kidogo. Jeti ya 100 ilipangwa kwa cc 150. Nunua 112, 110 na 108, uanze na kubwa ndiyo ushuke. Usianze na ndogo ukipanda, utaichubua tena.

Taimingi nayo uiguse. Kwa hizi za E, sahani ya stata (ile yenye koili, nyuma ya flaiwili, gurudumu la sumaku) ina alama A na IT. Legeza skrubu tatu, izungushe kwa mwelekeo wa saa hadi IT ikae kwenye mstari wa bodi ya injini. Cheche itachelewa kidogo na hedi itapata nafuu.

Ila kabla hujanunua chochote nijibu mawili. Ukiachia mkono, mlio unashuka mara moja au unaning'inia juu? Na lile kava linalofunika silinda lipo?

KijanaWaKimara:
Shikamoo mzee. Kava lipo, halina ufa. Mlio ndiyo, unaning'inia sekunde mbili tatu ndipo unashuka. Nilidhani ni kebo.

MzeeWaMagneto:
Marahaba. Siyo kebo hiyo. Toa flaiwili uangalie sili ya krenki nyuma yake, ile raba inayoziba hewa isiingie. Sili ya upande wa klachi ikifa utaona moshi mweupe na oili ya gia inapungua, kwa hiyo mtu anajua. Ya upande wa flaiwili inavuta hewa kimya kimya, na hapo hata jeti ya 120 haikuokoi. Bahati yako, hiyo inabadilishwa kwa nje bila kupasua injini.

BintiWaNgambo:
Assalaam aleikum. Mie nipo Unguja, Vespa ndo usafiri wangu. Kaka, usikimbilie kuchonga silinda. Ile alama inayong'aa ndani ni aluminiamu ya pistoni iliyoganda kwenye chuma. Chukua kostiki soda, hiyo ya watengeneza sabuni, koroga kidogo kwenye maji, paka kwa kijiti chenye kitambaa pale pale penye alama. Itachemka vipovu na kuila aluminiamu, chuma haikigusi. Vaa glavu na miwani, kaa nje penye upepo. Pistoni usiisogeze karibu kabisa! Kisha osha kwa maji mengi, kausha, paka oili hapo hapo, isishike kutu.

Na ukishafunga hedi, pima nafasi kati yake na pistoni ikiwa juu kabisa. Ingiza waya wa solda wa milimita 2 kwa tundu la plagi mpaka uguse ukuta, kwenye mstari wa pini ya pistoni, zungusha injini kwa mkono, toa upime ncha iliyobanwa. Mie nataka milimita 1.2 hadi 1.5.

KijanaWaKimara:
Narudi na majibu. Nyuma ya flaiwili kulikuwa na utandu mweusi wa oili umechanganyika na vumbi, na mdomo wa sili umekauka, ukiubonyeza kwa kucha unakatika kama ganda la karanga. Nimeweka mpya. Dada, kostiki imefanya kazi, ukuta umebaki na mikwaruzo ambayo kucha haiisikii. Pistoni nimeipitisha msasa laini pale palipovimba. Solda imesoma 1.4. Stata iko IT.

Na jeti ya 112 ilikuwa inabwata injini ikizunguka kwa kasi, plagi nyeusi, petroli imezidi. Kwenye 110 nilifungua mkono wote gia ya tatu, nikazima na kubana klachi kwa pamoja, nikatoa plagi pale pale kando ya barabara: rangi ya kahawa yenye maziwa. Mlio sasa unashuka papo hapo. 108 sijaijaribu.

MzeeWaMagneto:
Usiijaribu. Acha 110.