Picha za mawimbi Malindi: machoni wimbi ni kubwa, kwenye picha ni dogo

Kiwimbi_Mld:
Asalaam aleikum wakuu. Kusi imeshika na vijana wanateleza kwa mbao ghubani Malindi. Nasimama juu ya ukingo wa mchanga na kamera ya sensa ndogo ya APS-C, lenzi ya milimita 55-250, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/500 ya sekunde. Wimbi linalomfika mtu kifuani linatoka kama la kidimbwi. Povu ni jeupe tupu. Na picha nyingi zina ukungu ingawa fokasi imeshika. Ninunue lenzi ya 400 ama kosa ni langu?

Nahodha wa Shela:
Waaleikum salaam. Usinunue kitu kwanza. Kosa liko pale uliposimama.

Mstari wa upeo wa bahari huangukia sawasawa na kimo cha lenzi yako. Juu ya ukingo, lenzi huenda iko mita 4 kutoka usawa wa maji. Wimbi la mita 1.5 halitaufikia upeo kamwe, ndiyo maana linaonekana limelala. Teremka maji yanapokomea, piga goti, lenzi iwe kama nusu mita juu ya maji. Kilele kitaukata upeo na kusimama kwenye anga, na wimbi lile lile litakuwa ukuta.

Utaniambia picha za Nazaré kule Ureno hupigwa kutoka juu. Ni kweli, lakini wimbi alilopanda Sebastian Steudtner Oktoba 2020 lilipimwa mita 26.21, na mbele ya picha nyingi za pale kuna ngome, mnara wa taa na watu, kwa hiyo jicho lina cha kulinganisha. Ukitaka mtindo huo Malindi, rudi nyuma sana kwenye mchanga wa Silversands, vuta hadi 250, uweke Nguzo ya Vasco da Gama na watu waliosimama pale mbele ya bahari. Kadiri unavyokaa mbali na nguzo ndivyo mawimbi ya nyuma yanavyokua ukilinganisha nayo. Ukiikaribia kwa lenzi pana, yanapotea.

BiMwanga:
Naongeza habari ya saa, maana wengi hupoteza siku nzima hapo. Pwani ya Malindi inatazama mashariki. Asubuhi jua liko nyuma ya wimbi, mtelezaji anatoka kivuli cheusi. Baada ya saa tisa alasiri jua liko mgongoni mwako na uso wa wimbi unaangazwa wote. Sasa itazame kalenda ya mwezi: siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji kwetu hujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni. Mawimbi yanapita juu ya miamba bila kuvunjwa nguvu, wakati ule ule mwanga uko sawa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa katikati ya asubuhi na mwanga unakupinga. Kwa hiyo siku nne tano za kila bamvua zinatosha, nyingine pumzika.

Na usitegemee maji ya kijani yanayong'aa wakati wa kaskazi. Matope ya mto Sabaki husukumwa kusini mpaka ndani ya ghuba.

Fundi Shata:
Kuhusu lenzi, piga hesabu. Mtu wa mita 1.7 akiwa umbali wa mita 150, kwa 250 kwenye sensa yako, anachukua karibu sehemu ya tano ya kimo cha fremu. Inatosha. Akiwa mita 300 anabaki sehemu ya kumi, na hapo tu ndipo 400 ina maana.

Ukungu una sababu mbili. 1/500 ni ndogo kwa mtu anayekimbia na wimbi. Nenda 1/1250 au 1/1600, tundu la lenzi f/7.1, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) uiachie kamera. Fokasi iwe ya kufuatilia, kwa kundi la nukta za katikati, maana nukta moja ikiteleza inashika povu. Sababu ya pili ni joto: hewa inatetemeka juu ya mchanga uliochomwa na jua, na hakuna lenzi inayoponya hilo. Ukisogea kwenye mchanga uliolowa linapungua sana.

Povu: punguza mwangaza kwa theluthi mbili ya hatua, piga RAW (faili ghafi ya kamera), kisha angalia grafu ya mwanga, usiamini kioo. Bonyeza mfululizo mfupi wa picha nne tano anapogeuza ubao. Ukishikilia kidole tangu anapoinuka, kumbukumbu ya kamera inajaa na unamkosa kileleni.

Kiwimbi_Mld:
Shukran sana wote. Nije na stendi ya miguu mitatu? Na chumvi je?

Nahodha wa Shela:
Stendi iache. Miguu inazama kila maji yakirudi. Stendi ya mguu mmoja inatosha, au goti lako. Usiipe bahari mgongo unapokagua picha.

Chumvi ndiyo inayoua kamera hapa. Ivalishe kofia ya kuogea, toboa tundu la lenzi, funga kwa mpira. Lenzi usibadilishe ufukweni. Ukifika nyumbani puliza mchanga kwanza kwa kipulizio cha mpira, halafu pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo chumvi na kukamuliwa vizuri. Wengi huanza kwa kufuta kikavu, na chembe moja tu ya mchanga inachora kioo cha mbele.