Tupeane uzoefu: una mkono mkali, mwenzako anasukuma dau kubwa. Unafuata au unatupa?

mwisho_wa_reli
Wakuu, mkono huu umeigawa meza nzima hapa Mwanga, nauleta kwenu. Poka ya karata mbili mkononi, tano mezani. Mchezaji ana ree ya kopa na ree ya uru. Mezani karata zimetoka hivi: mfalme wa shupaza, tisa ya shupaza, nne ya uru, kisha mbili ya pau, mwisho saba ya kopa. Kapu lina kete 200. Jamaa aliyekuwa anafuata tu tangu mwanzo, ilipofunuliwa karata ya tano akaweka 200 kwa mpigo. Wapo wanaosema ree mbili hazitupwi. Wengine wanasema hapo ulishapigwa zamani. Nyie mnaamuaje?

dagaa_wa_kibirizi
Mtu mpole akiamka, tupa.

fundi_wa_gungu
Anza na bei kabla ya kuangalia sura ya mtu. Unalipa 200 kugombea kapu litakalokuwa na 600: zilizokuwepo 200, zake 200, zako 200. Kwa hiyo unatakiwa kushinda mara moja katika kila tatu, asilimia 33, ndipo usile hasara. Angeweka nusu ya kapu ungehitaji 25 tu. Angeweka mara mbili ya kapu, 40. Wengi wanasahau kuzihesabu kete zao wenyewe ndani ya kapu, wanaona wanahitaji nusu, wanatupa mikono ya kufuata.

Sasa mikono yake. Usitaje majina tu, hesabu namna inavyoweza kupatikana. Tisa tatu: moja iko mezani, zimebaki tatu, kwa hiyo jozi ya mkononi ina namna 3. Nne tatu, 3. Mbili tatu, 3. Saba tatu, 3. Hizo 12. Mfalme na tisa za ua moja (zote kopa, zote uru au zote pau), namna 3 nyingine. Wafalme wawili nawaacha, huyo angepandisha kabla meza haijafunuliwa. Jumla 15 zinazokupiga, kwa hiyo unahitaji namna 8 za kuzuga, yaani kusukuma dau bila kuwa na kitu, ili bei ikubali. Shupaza zilizokuwa zinatafuta flashi (karata tano za ua moja) zikakosa: ree na malkia, ree na jeki, ree na kumi, ree na tano, ree na tatu, malkia na jeki, malkia na kumi, jeki na kumi. Nane hizo. Akizuga nazo zote, fuata. Akizuga na nusu yake tu, una 4 katika 19, asilimia 21, tupa bila kujuta. Uamuzi wote uko hapo: huyu mtu akikosa, anasukuma au anapita?

mzee_wa_ujiji
Fundi, saba tatu na mbili tatu sikubali. Nani anafuata dau akiwa na jozi ya mbili, mezani kuna mfalme na tisa? Zitoe hizo. Zinabaki 9 zinazokupiga, na za kuzuga zikiwa 5 tu inatosha kufuata. Umemtoa mtu kwenye kapu lake kwa mikono ambayo mwenzake alishaitupa mapema.

fundi_wa_gungu
Mzee wangu, kwa wachezaji makini uko sahihi kabisa. Lakini mleta mada kasema huyu "anafuata tu". Mtu wa namna hiyo jozi yoyote haimtoki mkononi. Orodha inafuata mtu, haifuati kitabu.

mzee_wa_ujiji
Basi mtu huyohuyo asiyeachia jozi ndiye asiyezuga. Hata orodha ya shupaza ipunguze.

fundi_wa_gungu
Hapo tumekubaliana, na jibu linakuwa tupa.

binti_wa_mwandiga
Shikamooni wazee wangu. Kuna jambo mmelipita. Badilisheni karata moja: badala ya ree ya kopa, mchezaji ashike ree ya shupaza. Wengi wangefurahi na kufuata haraka. Kumbe katika zile nane za Fundi, tano zina ree ya shupaza, na sasa iko mkononi kwako, yeye hawezi kuwa nayo. Zinabaki tatu. Kwa hesabu ya Fundi ni 3 katika 18, kwa ya Mzee 3 katika 12. Zote chini ya theluthi. Jozi ileile ya ree, ila moja inafuatika akizuga na zote nane, na nyingine haifuatiki. Flashi ikikosa, ua lake mkononi mwako linakuumiza.

mawese_halisi
Mnabishana kete 200! Kumbukeni Las Vegas 2003, fainali ya dunia, wamebaki wawili. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi kupitia mashindano ya intaneti, dhidi ya mtaalamu Sam Farha. Mezani: tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, nane ya shupaza, tatu ya kopa. Farha ana malkia wa shupaza na tisa ya kopa, jozi kubwa kuliko zote za meza. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na saba ya kopa: flashi imekosa, mfuatano umekosa, hana hata jozi. Akasukuma kete zote! Farha akawaza sana, akatupa. Baadaye Moneymaker akabeba ubingwa na dola milioni 2.5.

dagaa_wa_kibirizi
Duh. Na jozi mkononi!

mzee_wa_ujiji
Kwa somo la Binti, Farha alifanya sawa. Malkia wa shupaza alikuwa mkononi kwake, akapunguza mikono ya kuzuga.

binti_wa_mwandiga
Hapana, Mzee, samahani. Mfano wetu meza ilikuwa na shupaza mbili, flashi haikupatikana. Pale ziko tatu, flashi tayari inawezekana. Malkia wa shupaza anapunguza flashi zilizokamilika, na hiyo ni sababu ya kufuata.

mzee_wa_ujiji
Binti, umeeleweka. Lakini dau la kete zote bado linabeba flashi nyingi kuliko uzugaji, kwa wachezaji wengi.

reli_ya_kati
Tuache Marekani. Mnapigwa zaidi karata ya nne. Una saba tatu, mezani inaanguka karata ya tatu ya ua moja, jamaa anaweka dau. Hata ukijua ana flashi, una karata 10 katika 46 zinazokurudisha juu: saba ya mwisho, na tatu kwa kila moja ya zile nyingine tatu za mezani. Ni asilimia karibu 22. Akiweka theluthi ya kapu unahitaji 20, fuata. Akiweka kapu zima unahitaji 33. Hapo lazima uamini wakati mwingine hana flashi, au una kete za kutosha nyuma za kumchuna ukipata.

Jozi mbili ni kilio kingine. Karata zako za kukurudisha ni 4 tu, asilimia 9. Usizifananishe na tatu.

dagaa_wa_kibirizi
Na muda? Mimi nasema jibu chapuchapu, ukikawia unaonesha una mashaka.

binti_wa_mwandiga
Kawia kila mara kwa muda uleule, hata ukiwa na mkono usiopigika. Anayejibu haraka kwenye mkali tu, meza inamsoma.

mwisho_wa_reli
Na kwenye mashindano, wanalipwa watano na mmebaki sita?

fundi_wa_gungu
Bei ya kete haitoshi hapo. Kete unazopoteza zina thamani kuliko unazopata, maana ukitoka unakosa malipo. Bei ikisema 33, mimi nataka ziada juu yake, na mwenye kete chache kuliko mimi akiwa bado mezani nataka ziada kubwa zaidi. Mkibaki wawili kama Farha na Moneymaker, rudi kwenye bei ya kawaida.