Mjadala: Chakubanga za Christian Gregory zichapwe upya zote, au zichujwe kwanza?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa kina. Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga, mhusika wa katuni, kwenye gazeti la Uhuru mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Mhusika akapata umaarufu mkubwa, ila vijana wengi wanaomtaja Chakubanga leo hawamjui aliyemchora. Kazi ile irudi kwa wasomaji, kwenye kitabu. Hapo nadhani hatuna ugomvi. Ubishi uko kwenye swali linalofuata: zichapwe zote, au tuchague nzuri na kuziacha zinazoudhi?

Msimamo wangu ni zote, kwa mfuatano wa tarehe, pasipo kufuta mstari wala kugusa maneno. Uhuru lilikuwa gazeti la TANU. Mchoraji wa humo alikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo haionekani kwenye mkusanyiko wa katuni 60 bora. Inaonekana ukisoma mfululizo: ni nani anachekwa mwezi huu, nani hachekwi kabisa, na ni lini mzaha unahama kutoka ofisini kwenda nyumbani. Anayechagua kwa ladha ya leo anatupa Gregory wa kwake.

Mwalimu wa historia

Hiyo "zote" naipinga. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na nguo za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Kabla hata tarehe haijafika, wanawake walishambuliwa Kariakoo kwa sababu ya mavazi. Katuni na barua za wasomaji za miaka ile haziwezi kutenganishwa na hayo. Sasa nimpe mwanafunzi wa kidato cha tatu kitabu ambamo msichana wa mjini anachekwa, na hakuna wa kumweleza kilichokuwa kikitokea barabarani? Kila kipande kihifadhiwe maktaba, nakubali. Kuuzwa dukani ni jambo jingine.

Mleta mada

Mwalimu, hofu yako ina uzito. Lakini ukiziondoa katuni hizo, mwaka 1969 utasomeka kana kwamba hakuna lililotokea, na huyo mwanafunzi atakosa ushahidi wa unachotaka kumfundisha. Dawa ni maelezo chini ya katuni yenyewe: tarehe ya gazeti, tukio la wiki hiyo, na mistari miwili au mitatu ya ufafanuzi. Yasiwekwe mwishoni mwa kitabu, maana huko hafiki mtu.

Mtu wa maktaba

Mnabishana kuhusu kuchuja kitu ambacho hakijakusanywa. Tuanze na chanzo, kwa sababu hapo ndipo vitabu vya namna hii huharibika.

Magazeti mengi ya Afrika Mashariki yalipigwa kwenye maikrofilamu (filamu yenye picha ndogo ndogo za kurasa), ikiwemo kazi ya ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1966. Kishawishi ni kuchukua filamu, kuiskani na kumaliza. Msifanye hivyo. Filamu ya gazeti ilipigwa ili maandishi yasomeke: nyeusi inakuwa nyeusi kabisa na nyeupe nyeupe kabisa. Mistari miembamba ya kalamu inapotea, na ile mistari ya kivuli iliyopangwa karibu karibu inaungana na kuwa doa. Filamu itumieni kama faharasa ya kujua katuni ipo toleo la tarehe gani. Picha ichukuliwe kwenye karatasi, na kwa magazeti yetu mahali pa kuanzia ni majalada ya mkusanyo wa East Africana pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Karatasi ya gazeti ina lignini (kiambato cha mti) na asidi, hivyo baada ya miaka 50 inavunjika ukiikunja. Jalada lisilazimishwe kufunguka hadi lilale. Liwekwe kwenye kitanda cha pembe ya nyuzi 100 hadi 120, mpige upande mmoja kwanza kisha mwingine. Juu ya ukurasa laza kioo safi. Taa mbili zikae kwa nyuzi 45, moja kila upande, ili kioo kisirudishe mwanga kwenye lenzi. Nyuma ya ukurasa ingiza karatasi nyeusi. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, halafu wanashangaa maandishi ya upande wa pili yametokeza katikati ya uso wa mhusika.

Kamera ya megapikseli 24 ikijazwa na eneo lenye upana wa sentimita 25 inatoa karibu pikseli 600 kwa inchi, na hiyo inatosha. Ukitaka ukurasa mzima wa A3 kwa skana, pikseli 600 kwa inchi na kwa rangi, faili moja la TIFF (picha isiyobanwa) lina karibu megabaiti 210. Kurasa 300 ni gigabaiti 63, na lazima pawe na nakala ya pili kwenye diski nyingine.

Pigeni kwa rangi, hata kama katuni ni nyeusi na nyeupe. Karatasi iliyogeuka njano inakuwa karibu nyeupe ukitazama chaneli nyekundu peke yake (picha ya rangi ina tabaka tatu, au chaneli: nyekundu, kijani na buluu), huku wino mweusi ukibaki mweusi. Kama msomaji wa zamani alichorachora kwa peni ya buluu, chaneli nyekundu itaufanya wino huo uwe mweusi pia, kwa hiyo sehemu hiyo tu ichukuliwe kutoka chaneli ya buluu. Palipochanika pasibandikwe selotepu. Gundi yake inageuka kahawia, inapenya na haitoki. Tumieni karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano.

Mchoraji

Naongezea kwenye usafishaji, kwa kuwa ndipo mkono wa mchoraji unapouawa bila mtu kukusudia.

Kugeuza picha ya kijivu kuwa nyeusi na nyeupe tupu kunategemea kizingiti, kipimo cha 0 hadi 255. Anzeni karibu na 140 kisha mtazame sehemu mbili tu: mstari mwembamba kuliko yote, na kivuli chenye mistari iliyobanana. Mstari ukikatika, pandisha. Kivuli kikiziba, shusha. Visipokubaliana, na mara nyingi havikubaliani kwa kuwa wino wa gazeti haukushika sawa, gawanyeni picha na kila sehemu ipewe kizingiti chake. Anayetumia kizingiti kimoja kwa katuni 300 atatoa kitabu ambacho nusu yake imepauka na nusu imeungua.

Kukuza kufanyike kabla ya kizingiti. Ukikuza baada yake, kingo zinakuwa ngazi. Wala usizidi asilimia 130, vinginevyo kasoro za chapa ya gazeti zinaonekana kubwa kuliko mchoro.

Kufuta vumbi na madoa kwenye uwazi mweupe ni sawa. Kuunganisha mstari uliokatika kwa sababu karatasi imechanika ni sawa pia, ilimradi iandikwe kwenye daftari la marekebisho. Kunyoosha mstari uliopinda hapana. Kuandika upya maneno ya mhusika kwa fonti ya kompyuta hapana kabisa, hata pakiwa na makosa ya tahajia. Herufi za mkono zimepangwa zikae na mchoro: ukubwa wake unaonyesha nani anapiga kelele na nani ananong'ona.

Kitu kingine: Chakubanga aliendelea kuchorwa na watu wengine baada ya Gregory. Kila kipande kikaguliwe sahihi, na kisicho na sahihi kiwekwe kando mpaka kithibitishwe. Kumpa Gregory kazi ya mwenzake ni kuwadhulumu wote wawili.

Mpiga chapa

Hiyo "zote" ina bei, tuihesabu. Kama katuni ilitoka kila toleo, mwaka mmoja una karibu vipande 300. Weka viwili kwa ukurasa wa A5 pamoja na maelezo yake: kurasa 150. Ongeza utangulizi, faharasa na daftari la marekebisho, zinafika 176. Karatasi moja kubwa ya mashine, SRA2, ikichapwa pande zote na kukunjwa inatoa kurasa 16 za A5, kwa hiyo kitabu kimoja kinakula karatasi 11. Nakala 1,000 ni karatasi 11,000, yaani rimu 22 za karatasi 500. Na asilimia 5 ya upotevu, nunua rimu 24. Pleti, yaani bamba za kuchapia, ni 22 kwa wino mweusi peke yake. Hiyo ni juzuu ya mwaka mmoja. Miaka minane ni juzuu nane. Nani anazinunua?

Mimi nachagua juzuu moja ya mwaka mmoja kamili, 1967 au 1969, ikienda ndipo inafuata nyingine. Mkusanyiko wa bora sitaki, kwa sababu ukishautoa huo hakuna atakayelipia kamili baadaye.

Karatasi iwe isiyong'aa, gramu 90. Ya gramu 80 inaonyesha weusi wa upande wa pili. Ya kung'aa inafanya mchoro wa gazeti uonekane kama tangazo. Mgongo utakuwa na unene wa karibu milimita 10, na kitabu kishonwe kwa uzi kabla ya kutiwa gundi, kwani kitabu cha katuni hufunguliwa mpaka kikalala, na gundi tupu huachia kurasa za katikati kwanza.

Faili niletewe kwa nyeusi na nyeupe tupu, pikseli 1,200 kwa inchi. Ukiniletea picha ya kijivu yenye nukta za gazeti, mashine yangu itaongeza nukta zake juu ya zile za zamani, na utapata mawimbi kwenye kila kivuli. Kosa hilo linagundulika nakala zote zikiwa zimeshachapwa.

Wakili

Nani anatoa ruhusa? Msiruke hapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uzee wa gazeti hauifanyi katuni kuwa mali ya umma.

Swali gumu ni kama mchoraji alikuwa mwajiriwa au alilipwa kwa kipande. Akiwa mwajiriwa, haki za kiuchumi zinaweza kuwa za mwajiri, na mwajiri hapa ana historia: gazeti la TANU, kisha la CCM baada ya TANU na ASP kuungana Februari 5, 1977. Tafuteni barua ya ajira au hati za malipo. Mkikosa, pateni sahihi mbili, ya mmiliki wa gazeti na ya familia, kila mmoja akitoa ruhusa kwa haki yoyote aliyonayo. Kwa upande wa familia anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kusaini na mtoto mmoja kwa kuwa ndiye anayepokea simu kunaleta kesi siku kitabu kinapoanza kuuza.

Haki ya kimaadili ni habari nyingine. Hata gazeti likiwa na haki za kiuchumi, jina la mchoraji lazima litajwe na kazi yake isipotoshwe. Kwa hiyo wanaotaka kubadili maneno "yafae shule" wajue wanaingia kwenye sheria pia.

Mkataba utaje toleo moja, idadi ya nakala, miaka mingapi, na mirabaha (malipo ya mwenye haki kwa kila nakala inayouzwa) inahesabiwa kwenye bei ipi. Kitabu cha shilingi 20,000, asilimia 10 ya bei ya jalada ni 2,000. Duka likichukua asilimia 40, asilimia 10 ya kinachobaki ni 1,200. Familia nyingi hazielezwi tofauti hiyo. Waelezwe.

Mdau wa SANI

Naheshimu Chakubanga, ila moto unawaka kwingine. Gazeti la chama limejalidiwa na kuwekwa maktaba. Jarida la katuni la SANI la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo lilisomwa, likaazimwa, likapita mikono 20 mpaka likachanika. Philip Ndunguru, mmoja wa mikono iliyolijenga, alifariki kijana katika miaka ya 1980. Tusipokusanya nakala za watu majumbani sasa, hakutakuwa na cha kuskani. Wenye nakala: ng'oeni pini za chuma kwa kuzifungua nyuma kwanza, msizivute. Kutu ya pini inakula katikati ya kurasa, pale pale penye picha kubwa.

Msomaji wa Nairobi

Huku tuna deni la aina hiyo hiyo. Edward Gitau alianza katuni ya Juha Kalulu miaka ya 1950 na akamchora miaka mingi kwenye Taifa Leo. Jarida la Joe la Terry Hirst na Hilary Ng'weno lilitoka 1973 hadi 1979. Kwa nini tusiziweke zote mtandaoni bure na kuachana na hesabu za rimu?

Mtu wa maktaba

Ndugu yangu wa Nairobi, mtandao unadai ruhusa zile zile alizotaja wakili, na baada ya hapo unadai mtu wa kulipia seva kila mwaka. Kitabu kikishapelekwa maktaba 40 hakimdai mtu. Tufanye vyote viwili. Na mdau wa SANI ana haki kuhusu dharura: ukusanyaji wa nakala majumbani uanze hata kabla ya mikataba, kwa sababu kuhifadhi karatasi hakuhitaji ruhusa ya hakimiliki.

Mwalimu wa historia

Kama maelezo yatakaa chini ya kila katuni na hakuna neno litakalobadilishwa, naondoa pingamizi kwa juzuu ya mwaka mmoja, na huo mwaka uwe 1969 wenyewe, tusianze na mwaka rahisi. Shuleni kiingie kama kitabu cha mwalimu. Nina sharti moja: maelezo ya Operesheni Vijana yasiandikwe na wapenzi wa katuni peke yao. Wapo wanawake waliokuwa wasichana Dar es Salaam wakati ule na bado wanakumbuka. Waonyeshwe katuni kabla ya kitabu kwenda kwa mpiga chapa, na watakachosema kiingie kwa maneno yao.

Mleta mada

Sharti nimelikubali, na 1969 pia. Mpiga chapa, kurasa 176 zitakuwa hazitoshi. Hesabu upya kwa 192.

Mpiga chapa

Hiyo ni karatasi 12 kwa kitabu, pleti 24, rimu 26 na upotevu ndani yake. Mgongo unapanda hadi karibu milimita 11, kwa hiyo jalada lisisanifiwe mpaka idadi ya kurasa ifungwe.