Nimeuziwa nota za "piano ya tamasha" ambazo hazipigiki: nataka fedha zangu

Ndugu wanajukwaa,

Nimelipia nota za tukio la mwisho la opera ya mtunzi Mjerumani Wagner, Tristan und Isolde, ambazo muuzaji mmoja wa mtandaoni anazinadi kuwa zimeandaliwa kwa piano moja kwa ajili ya tamasha, na nilichopokea ni nota za okestra nzima zilizorundikwa na programu ya kompyuta bila mwanamuziki yeyote kuzipitia.

Fungueni ukurasa wa kilele, katika ufunguo wa B meja. Mkono wa kushoto umepewa akodi (nota kadhaa za kupigwa pamoja) yenye upana wa oktavi mbili, ambao mkono mmoja haufiki, ipigwe yote kwa mkupuo mmoja! Juu yake nota ya violini imeandikwa ishikiliwe kwa mapigo manane huku ikizidi kupaa nguvu. Violini inaliweza hilo kwa sababu upinde unaendelea kusugua uzi, lakini katika piano nyundo ikishagonga, sauti huanza kufifia papo hapo, na hakuna kidole kinachoweza kuiongeza. Nota za kontrabasi, chombo cha nyuzi chenye sauti nzito, nazo zimenakiliwa zilivyo, ilhali chombo hicho hulia oktavi moja chini ya kinachoandikwa, kwa hiyo msingi wote umepanda na kugongana na sauti za kati.

Franz Liszt, mtunzi na mpiga piano, aliihamishia sehemu hiihii kwenye piano mwaka 1867, miaka miwili baada ya opera hiyo kuonyeshwa kwa mara ya kwanza München, na katika kazi yake unaona mtu aliyeamua: panapotakiwa sauti idumu anatumia tremolo (kupokezanisha nota kwa kasi) na akodi za kurudiarudia, na vyombo vinapozidi uwezo wa mikono miwili anabakiza kile ambacho sikio linakifuata. Nota hizo hazina hakimiliki tena na zinapatikana bure, kwa hiyo muuzaji huyu hawezi kudai kwamba alikosa mfano.

Nilipomwandikia, alinijibu kwamba faili lake linalingana na nota za okestra. Hilo ndilo kosa lenyewe ninalomlalamikia, naye analitoa kama utetezi. Nataka anirudishie fedha zote, na faili hilo aliuze, kama lazima aliuze, likiwa limeandikwa wazi kwamba limetengenezwa na programu. Mwingine yeyote aliyeuziwa naye aeleze hapa, na aseme kama alirudishiwa chochote.