Wadizaini wa logo mnatuuzia picha ya wasap halafu faili mnabaki nalo nyie, hii tabia mpaka lini?

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nina hasira na sitaki kuzificha.

Natengeneza siagi ya karanga, niko Tabata, nilianza na makopo 20 kwa wiki nawauzia majirani, sasa hivi napeleka maduka 14. Mwaka jana nikasema nitoke kwenye zile stika za kuprinti stationary, nikapata kijana wa kudizaini, akanitajia laki na nusu, logo pamoja na lebo ya kopo. Nikalipa yote. Siku ya nne akanitumia picha kwenye wasap, nzuri kweli, rangi ya chungwa kali na karanga mbili zimechorwa kwa mstari mweusi, nilifurahi hadi nikaiweka status. Hiyo picha moja ndo kila kitu nilichokabidhiwa, na sikujua kama kuna kingine natakiwa kudai.

Stika za kwanza nikaprinti Kariakoo, chungwa likatoka limefifia. Mzigo wa pili yule jamaa alikuwa na kazi nyingi nikaingia duka la pili yake, likatoka jekundu kama tofali. Aproni za mabinti wa promo zikaja njano. Bango la mita tatu ndo kabisaa, maandishi yamepasuka, kingo zina ngazi ngazi, ukilisogelea jina la biashara halisomeki. Kila fundi nikimlalamikia jibu ni moja, dada mashine yangu nzima, lete faili orijino.

Sasa kilichoniuma zaidi. Mwezi uliopita mama mwenye duka Sinza kanipigia, mwanangu kuna mteja karudisha kopo anasema feki, yeye kazoea lebo ya chungwa hili jekundu kalitoa wapi. Karanga zile zile, nimezikaanga mimi, chumvi ile ile! Mama akayatoa makopo yote kwenye shelfu mpaka nilipoenda mwenyewe kumuapia. Chakula mtu akishakiita feki utamueleza nini, kwamba ni wino?

Nikamtafuta yule kijana. Akajibu, boss faili orijino ni elfu themanini. Yani nilipie tena kitu nilichokwishalipia! Nikamwambia mdogo wangu hatukuelewana hivyo, akasoma, kimya mpaka leo.

Ikabidi nijifunze mwenyewe usiku nikimaliza kupaki. Kumbe kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga, mwekundu, wa kijani na wa bluu, ndo hiyo RGB, wakati mashine ya kuprinti inachanganya wino wa rangi nne, CMYK, na kuna rangi zinawaka kwenye kioo ambazo wino hauzifikii, chungwa kali ikiwemo. Anayejua kazi anakuchagulia rangi inayokaa vizuri kote kote halafu anakuandikia namba zake, za kioo na za wino, ili hata ukiprintia Mwanza fundi aingize namba asikisie kwa macho. Na logo inachorwa kwa vekta, yani mistari ya hesabu badala ya vidoti, unapewa faili la AI (la Adobe Illustrator) au SVG au PDF, hiyo ukiikuza iwe kubwa kama ukuta haipasuki. Mimi nimepewa JPEG ambayo ni vidoti tupu, na wasap imeibana tena. Hata jina la fonti, yani aina ya herufi, hakuniachia, ndo maana maandishi ya kopo la gramu 400 hayafanani na la gramu 800, fundi wa stika alitafuta tu inayokaribiana.

Bado haijaisha. Juzi nakutana na karanga zile zile, mstari ule ule, kwenye ukurasa wa mtu anauza korosho. Kumbe zimechukuliwa Canva, ile programu ya kudizaini mtandaoni, michoro ya kila mtu. Na mimi nilikuwa nishaanza kuulizia kusajili alama ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, maana jina la biashara nililosajili ni kitu kingine, halikupi ulinzi wa logo, na masharti ya Canva yenyewe yanasema logo yenye michoro yao ya akiba huwezi kuisajili iwe yako peke yako. Kwa hiyo laki na nusu yangu nimenunua kitu ambacho hakiwezi kuwa changu.

Na asije mtu hapa kusema ningelipa zaidi. Bei alitaja yeye, sikuomba punguzo hata mia. Fundi cherehani ukimlipa hela ya gauni hakukabidhi picha ya gauni.

Maonyesho ya Saba Saba yamebakiza wiki tano na nimeshalipia meza. Nataka mtu wa kuchora upya kwa mkono wake, aniandikie namba za rangi na majina ya fonti, nusu nampa mwanzo, nusu fundi wa Kariakoo akishafungua faili mbele yangu. Aliye tayari aje PM. Stika 2,000 za rangi ya tofali ziko hapa chini ya kitanda, sibandiki hata moja.