Mzee analima zabibu Hombolo, anataka kuona mashamba ya Ufaransa: basi la watalii au twende wenyewe?

BintiHombolo:
Wakuu, habari za jioni. Naishi Stuttgart, mwaka wa tisa huu. Baba yangu ana miaka 71, analima zabibu Hombolo kule Dodoma, ekari tano, kazi aliyoanza kabla sijazaliwa. Mwakani anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza, atakaa mwezi mzima, na ombi lake ni moja tu: akaone hao Wafaransa wanaosifiwa wanalimaje.

Nimepata safari ya basi yenye kiongozi: siku sita, Reims, Alsace, halafu Bourgogne tunamalizia Beaune. Watu 45, euro 1,190 kwa kichwa, hoteli na chai ya asubuhi humo humo. Ni mwisho wa Septemba. Mimi gari siendeshi, Kifaransa changu kinaishia "bonjour", na magoti ya mzee si mazima. Kwa hesabu hiyo basi ndilo jibu, ila roho inasita. Waliowahi kwenda nisaidieni kabla sijalipa advansi.

KijiweNongwa:
Mzee akionja glasi sita kabla ya saa sita mchana utambeba wewe? Tunaomba picha.

ShangaziLille:
Mwanangu, roho yako haijakosea. Mimi nilimpeleka mama Bourgogne na basi la namna hiyo, kampuni siitaji. Ile barabara ya kutoka Dijon kushuka hadi Santenay ni kama kilomita 60, mizabibu huku na huku, mama kaganda dirishani. Shida ni kwamba basi kubwa haliingii kwenye vichochoro vya vijiji vile. Linaegesha pembeni, mnatembea.

Vougeot tulipewa dakika kumi za picha. Kando ya ukuta kulikuwa na jamaa kakalia kreti alilolipindua, anakaza waya wa mizabibu kwa koleo. Mama akamsogelea. Hawana lugha moja, lakini jamaa akampa koleo ajaribu, mama akakaza waya nguzo mbili nzima, wanacheka wote. Kiongozi akapiga filimbi. Mchana tukashuka kwenye ghala la divai la chini ya ardhi dakika 40, kisha saa nzima dukani. Dukani hakuna aliyepiga filimbi.

Na umwandae mzee kwa jambo la kutema. Kwenye kuonja wanaweka ndoo, unasukutua unatema. Mama alikataa katakata: "Mtu kanikaribisha kwake, nimtemee?" Akameza zote. Alasiri hiyo Hôtel-Dieu ya Beaune, hospitali ya maskini iliyojengwa tangu 1443, yenye paa la vigae vya rangi rangi, aliiona akiwa amekaa kwenye benchi la uani.

DerevaMstaafu:
Basi msiliponde sana, limenilisha miaka mingi. Mtu wa magoti mabovu anashukia mlangoni pa hoteli, mabegi hayabebi yeye. Treni zina ngazi na kukimbizana.

Ila mleta mada, waombe ratiba ya saa kwa saa, sio ile ya picha. Reims hadi Colmar, kule Alsace, ni kama kilomita 350, na sheria ya Ulaya inamtaka dereva akiendesha saa nne na nusu apumzike dakika 45. Ongeza vituo vya choo kwa watu 45, nusu siku imekwisha. Uliza pia ngazi za maghala ya divai ya chini ya ardhi ya Reims. Pale Pommery, kwa watengeneza shampeni, ni ngazi 116 kwenda chini, na mlizoshuka ndizo mtakazopanda. Huko chini ni baridi ya nyuzi kama kumi, mzee abebe koti hata kama juu kuna jua.

Mpogoleaji:
Nimefanya vibarua vya mavuno Beaune misimu mitatu, nisikilize mimi. Mwisho wa Septemba usiutegemee. Miaka hii ya joto kuna mashamba yanaanza kuvuna Agosti haijaisha, mnaweza kukuta majani matupu. Mkiwahi mkakuta wanavuna, mkulima mdogo hana muda na mgeni. Tena mavuno ya pili ya Dodoma si ndiyo Agosti na Septemba? Mzee ataachaje shamba?

Njooni Juni. Watu wako shambani wanapandisha machipukizi kwenye waya, mchana mrefu, na mtu ana nafasi ya kuongea. Kutoka Stuttgart treni ya kasi hadi Strasbourg ni saa moja na dakika kama 20, Colmar ni nusu saa mbele. Lala Colmar siku mbili, chukua teksi hadi Eguisheim: nyumba ya mwisho ya kijiji ikiisha, mizabibu inaanza. Kisha Beaune, mkodi kigari chenye mwongozaji wa Kiingereza kwa nusu siku, mwambie mapema kwamba baba ni mkulima, hataki duka.

Aulizie kubebesha, yaani kuunga kikonyo cha mzabibu mmoja kwenye shina la mwingine. Karne ya 19 mdudu wa mizizi aliwamaliza, tangu hapo karibu mizabibu yao yote imebebeshwa kwenye mashina yenye asili ya Marekani. Hapo watakaa kutwa. Na apelekwe Romanée-Conti, shamba la divai ghali kupita kiasi. Ni kama ekari nne na nusu, la mzee ni kubwa kuliko hilo! Asimame barabarani tu, kuna kibao cha kuomba wageni wasiingie.

Mtanashati_TZ:
Viza aombe ya Ujerumani, maana ndiko atakakolala siku nyingi, na Ufaransa itamfikisha. Bima isipungue euro 30,000. Na asithubutu kurudi na vipando vya mzabibu kwenye soksi bila vibali, nawajua wazee wetu.

BintiHombolo:
Shangazi, kaka Mpogoleaji, wote ahsanteni. Basi nimeliacha, tunaenda Juni kwa treni. Nimempigia mzee leo. Habari ya ekari nne na nusu kanyamaza kidogo, kisha akaniuliza wanavuna magunia mangapi. Halafu anataka kujua kama ndege itamruhusu kubeba mkasi wake wa kupogolea.

DerevaMstaafu:
Begi la chini, sio la mkononi. Aufunge kwa kitambaa.